Ndama Ndani ya Amplifaya

Mwaka ule tulikula mahindi ya njano. Mtu wa rika langu nikimwambia hivyo hahitaji kalenda, anakunja uso tu. Yalishuka na helikopta ndani ya magunia, magumu kama meno ya punda, ukiyachemsha kutwa nzima yanakucheka tu ndani ya sufuria. Kabla ya mahindi tulikula mizizi ya yungiyungi, tukiipigia mbizi kama bata. Na kabla ya mizizi tulikula mbegu ya mpunga, ile ya kupanda. Mtu akishakula mbegu yake, muulize habari za jana, za kesho usimuulize.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mtu aliyelala kwenye mkeka wangu sasa hivi. Anakoroma, tumbo limejaa samaki niliyemvua mimi. Huyo nitamfikia.

Tulikaa kijiji cha Idsowe, kando ya mto, mimi, mama, na bibi aliyemzaa mama. Baba alikuwa Bura analima shamba la mfereji la serikali, na mvua za mafuriko zilipokata njia akawa kama yuko Uarabuni. Mto ulichukua nyumba, ukachukua ghala, ukachukua kuku na tundu lao. Mtumbwi wa bibi haukuuchukua, kwa sababu bibi alilala ndani yake, kamba ameifunga kwenye kifundo cha mguu. "Mto ukiutaka," alisema, "utatuchukua wote wawili, na mimi nina mifupa mingi, utasakamwa."

Mtumbwi ule ulikuwa gogo moja, mweusi, umezibwa kwa lami pale ulipopasuka. Ndio uliokwenda kuchukua mahindi ya msaada mjini Garsen. Ndio uliotuvusha ng'ambo kwenye shamba. Ndio ulionipeleka shule maji yalipopungua. Nyumba nyingine zilikuwa na watu wenye miguu. Sisi tulikuwa na mtumbwi.

Halafu tulikuwa na mjomba Jilo.

Mjomba Jilo alikuwa kitindamimba wa bibi, na nyinyi mnajua kitindamimba anavyoharibika: kama ndizi ya mwisho kwenye mkungu, laini nje, nyeusi ndani. Alikaa Mombasa kidogo, akarudi na mwendo mpya wa kutembea, bega moja juu. Mkono wake haukujua jembe. Alipiga gita la mbao kanisani, na alijua nyimbo tatu, na zote tatu zilikuwa wimbo mmoja. Watu wakikumba matope kwenye nyumba zao, yeye ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa anakwaruza. Mama alikuwa akimwambia, "Jilo, hata kunguru huokota kijiti."

Sasa, Garsen palikuwa na wanamuziki wamekwama. Walitoka Mombasa wakienda Lamu kupigia watalii hotelini, barabara ya mbele ikakatika, wakageuka, ya nyuma nayo ikakatika. Gari lao lilizama hadi madirishani. Wakakaa gesti wiki baada ya wiki, wamevaa jaketi za ngozi kwenye joto lile la Garsen, wananuka kama mbuzi waliosahauliwa. Walichotaka ni mtumbwi wao wenyewe wa kuwavusha majini mpaka waikute barabara kavu. Na walikuwa tayari kuacha gita la umeme na amplifaya yake.

Mjomba Jilo alikuja nyumbani anahema.

"Mama, nimepata riziki."

"Samaki?" bibi akauliza. Alikuwa anachagua mahindi, anatupa yenye fukusi.

"Gita la umeme, mama. Na amplifaya."

"Linachemshwa au linakaangwa?"

"Mama, usinicheke. Hoteli zinataka mtu wa kupiga rock za kila aina. Ya zamani ya kuchezesha, ya kulia, ya polepole, ile nzito. Mwenye gita moja linaloweza zote hakosi kazi maisha yake."

"Na hao wagawa riziki, wao wanataka nini?"

Mjomba akajikuna kisigino kwa kidole cha mguu mwingine. "Mtumbwi," akasema.

Bibi hakuinua sauti. Alitupa punje moja nje, akamtazama kuku asiyekuwepo, akasema: "Mtumbwi wangu hauvuki mto kwenda kuwa kelele."

Mtu mwenye masikio angenyamaza. Mjomba akasema basi aende kutazama tu, kutazama hakuvunji kitu. Bibi akaniita. Aliniita mke mwenzake, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wa kike. "Mke mwenzangu, nenda naye. Utakaa mbele ya mtumbwi. Ukirudi hapa uwe bado umekaa ndani yake."

Basi nikaenda kuulinda mtumbwi, na meno yangu ya mbele hayajaota.

Chumba cha gesti kilinuka godoro bichi na sigara. Mkubwa wao aliitwa Faraji, mwembamba, suruali imembana hata nikamwonea huruma. Magita matatu yalilazwa kitandani kama wagonjwa. Jenereta ya gesti iliwashwa uani ili wateja wayasikie, na wateja ni mjomba Jilo, asiyekuwa na hata shati lenye vifungo vyote.

Faraji alieleza, na nimshukuru kwa hilo, alieleza vizuri. Gita jembamba, akasema, sauti yake safi kama glasi, linafaa ile rock ya zamani ya kuchezesha miguu. Ukilidai nzito linalia kama mbu. La pili, nene, jekundu, sumaku zake chini ya nyuzi ni pana, hilo linanguruma. Ukitaka sauti laini linatia matope, na bega lako litajuta. La tatu lilikuwa rangi ya kinyesi cha ng'ombe. Lina sumaku pana upande wa daraja, kule chini nyuzi zinakofungwa, na nyembamba upande wa shingo. "Mtu wa kupiga kila aina," Faraji akasema, "achukue hili. Halishindi lolote kwa lake, lakini hakuna lisipokufikisha. Na amplifaya achukue hii ndogo, ina sauti mbili, safi na ya kunguruma, unakanyaga swichi kwa mguu unatoka huku unaingia kule. Ile kubwa ina glopu za kioo ndani, ikidondoka mara moja umebaki na kabati."

Hata mimi mtoto nilielewa. Mjomba Jilo alielewa nini? Alilitwaa lile jekundu, akaenda kusimama mbele ya kipande cha kioo kilichobanwa na misumari ukutani. Akajigeuza. Akainua bega.

"Hili," akasema.

"Ndugu yangu, nimekueleza..."

"Hili. Na amplifaya ile kubwa."

Alichagua gita kama msichana anavyochagua leso ya sikukuu, na samahani kwa wasichana, wao huishika leso kwanza waone uzito wa kitambaa. Kwetu Idsowe umeme ulikuwa radi tu. Angelichomeka wapi lile kabati? Mawinguni?

Lakini na mimi nilikuwa mtoto, nikaona ya kitoto. Ule waya unaotoka kwenye gita kwenda kwenye amplifaya nilidhani ni kamba, kama ile yetu ya shamba la mpunga. Sisi watoto tulipanda kwenye dungu, kile kibanda cha miti mirefu, tukavuta kamba iliyotundikwa makopo ili kuwinga ndege. Nikajua basi: huku unavuta, kule kinalia. Na kule nini kinalia? Faraji alizungusha kitufe, akapiga nyuzi nene, kabati likanguruma, mngurumo ukaniingia tumboni, na tumbo langu likautambua. Nilikuwa nimeusikia usiku kutoka juu ya dungu. Nilizunguka nyuma ya kabati nikaweka kiganja. Pana joto. Panatetemeka. Nikanusa.

Walikuwa wamemfungia ndama wa kiboko mle ndani.

Nikatoka uani nikang'oa nyasi, nikazisokomeza kwenye tundu la nyuma ili ale. Tukarudi nyumbani, mimi mbele ya mtumbwi kama nilivyoagizwa.

"Bibi," nikasema, "wana ndama wa kiboko ndani ya sanduku. Ana joto. Analia wakimvuta kamba."

Mama alicheka hadi akakohoa. Bibi hakucheka. Mkono wake ulisimama juu ya mahindi.

"Jilo. Linanguruma hivyo kweli?"

Hapa niwaambie kilichomsimamisha mkono. Maji yalipopwa yaliacha tope jeusi ng'ambo ya mto, tope la kula kwa kijiko. Tulipata mbegu ya mpunga kwa watu wa kijiji cha Ozi, tukapanda, ukaota. Na mafuriko yalituletea kiboko dume asiye wa kwetu, sikio moja limeraruliwa, na kila usiku alipanda shambani akala kama yuko harusini. Tulimpigia debe hadi debe likatoboka. Tukamwashia moto, akazunguka moto. Mama alikuwa na homa, anatetemeka juu ya dungu hata dungu lenyewe linatetemeka. Mpunga ule ukiliwa hatuna wa pili. Bibi alikuwa mzee, hajalala, na mtu asiyelala hupiga hesabu mbaya. Ndiyo, hata bibi yangu.

"Lileteni," akasema. "Likimfukuza yule dume, mimi na wewe tutazungumza habari za mtumbwi."

Mngemwona mjomba Jilo! Hoteli zikasahaulika palepale. "Mama, hii amplifaya ni ya viboko hasa! Mungu ameileta!" Mtu ambaye asubuhi alisema ni ya watalii.

Walikuja siku ya pili jua likianza kulegea, Faraji na mjomba, na gita jekundu, na kabati, na jenereta waliyoazima ukumbi wa video wa Garsen kwa debe la mahindi ya njano. Mtumbwi ulizama hadi mdomo. Bibi alisimama nyuma na upondo, anasukuma, macho kwenye ukingo wa mtumbwi kama mama anayemtazama mwanawe amebebwa na mlevi. Wakapanga vitu kwenye ukingo wa shamba. Mbele yetu dimbwi la mto, na kwenye dimbwi masikio ya viboko yanapepea. Masikio mawili, mawili, mawili, na moja.

Nami nilikuwa na nyasi zangu.

Faraji akasema aanze na laini ili mashine ipate joto. Akapiga ile ya zamani ya kuchezesha. Mjomba Jilo akatikisa kiuno peke yake kwenye matope. Yangeyange walimtazama, wakaendelea kula minyoo.

"Hiyo ni ya kukunia nazi," bibi akasema. "Nyingine."

Akapiga ya kulia, uzi mmoja anauvuta hadi unapiga kelele kama paka.

"Huyo kafiwa? Mpeni kahawa. Nyingine."

Akapiga ya polepole, ile wanayoimbiana wapenzi. Mama juu ya dungu, na homa yake, akasema, "Jilo, mwambie akiendelea nitatapika, na leo sijala."

Ndipo mjomba Jilo akasema apige yeye. Lile gita alilivaa mwenyewe, mkanda begani, bega juu. Akazungusha vitufe vyote vya kabati hadi mwisho, vyote, kama mtu anayemimina chumvi gizani. Akapiga ile nzito.

Sijui kupiga gita lakini sauti ile nitaijua siku ya kufufuka. Ilitoka chini. Ardhi ilinguruma, maji ya dimbwi yakakunja ngozi. Masikio yote yakazama. Mjomba akacheka, akageuka kumtazama bibi: "Umeona, mama? Wamekimbia!" Na bibi, naapa, alianza kutabasamu.

Sikio moja likarudi juu.

Halafu pua. Halafu mdomo ukafunguka, mdomo wenye meno kama vipini vya shoka, na dume akajibu. Alijibu ileile nzito, ila yeye hakuhitaji jenereta. Debe hatukuwahi kulipiga likasema "mimi ni dume, hapa ni kwangu". Sasa mjomba Jilo alikuwa amelisema, kwa sauti ya juu kabisa, mbele ya wake za dume mwenyewe.

Akatoka majini. Nyinyi mnaodhani kiboko ni mzito, kakaeni mbele yake. Faraji aliacha viatu kwenye matope, akapita chini ya dungu kama upepo wenye jaketi. Mjomba Jilo alikimbia na gita shingoni, na gita limefungwa kwa waya, na waya umefungwa kwa kabati, basi kabati likamfuata linaburutwa, waya wa jenereta nyuma yake mrefu kama nyoka, linapiga mayowe kila linapogonga kisiki, na yeye akidhani ni kiboko yuko kisigino, akazidi kukimbia, likazidi kupiga mayowe. "Mama! Mama! Ananikamata!" Bibi alinishika ukosi akanitupa juu ya dungu kama furushi, akapanda nyuma yangu na umri wake wote.

Waya wa gita ukachomoka. Mjomba akaenda zake. Kabati likabaki.

Dume alifika, akasimama. Akalikanyaga mara moja, glopu zikalia kama mayai. Akalinusa. Kisha akageuka, akatupa makalio kwake, na ule mkia mdogo ukaanza kupiga huku na huku, akaipaka amplifaya mavi yake yote, juu, ubavuni, kwenye vitufe, polepole, mtu hana haraka yuko kwake. Akarudi majini.

Mimi nilikuwa nalia. "Amemkuta mtoto wake amekufa," nikamwambia bibi. "Alikuja kumchukua." Miaka mingi niliamini hivyo. Na hata leo nasema, katika watu wote pale ukingoni, wenye jaketi na wenye mvi, mtoto mwenye mapengo ndiye aliyekaribia ukweli: mle ndani mlikuwa na kiboko, na kiboko mwenzake alimsikia.

Faraji alirudi miguu mitupu. Alilitazama kabati lake hakuthubutu kuligusa. "Bibi," akasema, "mmeniharibia. Sasa mtumbwi ni wangu. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana likimfukuza. Limemwita."

Mjomba Jilo naye akaja, gita bado shingoni, shingo ya gita imevunjika, yake kwa bahati mbaya nzima. Unajua alisema nini? Homa ya dada yake hakuiona, mpunga uliokanyagwa hakuuona. Alisema: "Mama, kuna lile gita la tatu, lile la rangi mbaya. Na amplifaya ndogo. Faraji mwenyewe alisema ndiyo nzuri. Mpe mtumbwi, mama, sasa nimejua kuchagua."

Bibi alikuwa ameshaingia mtumbwini. Akauchomeka upondo kwenye matope, akasema, "Mtumbwi wangu hauvuki mto kwenda kuwa kelele," akatusukuma, mimi na mama, na jenereta ya watu, maana hiyo ilikuwa amana. Wale wawili aliwaacha ukingoni wazungumze na kiboko.

Mpunga tulivuna nusu, nusu ni ya dume. Kabla ya kuvuna mama alizidiwa, macho yakageuka meupe. Tulimlaza ndani ya mtumbwi, bibi na upondo, mimi na kata nakumba maji, mpaka kwa daktari Garsen. Akapona, akazaa wengine wawili. Mimi mtumbwi ulinivusha shule hadi darasa la nne, nikaacha kwa sababu zangu, si za mtumbwi. Sasa mimi mwenyewe ni bibi, na mvi sina hata moja. Mwenye wivu azae mapema. Mjukuu wangu ana meno manne na anasimama wima ndani ya mtumbwi ukiwa unakwenda. Mnionyeshe wa kwenu.

Mjomba Jilo aliondoka na wale wanamuziki, akiwabebea mizigo. Bibi alipokufa tulimpelekea habari. Akajibu hawezi kuja kuzika, kuna amplifaya anaijaribu.

Na leo amekuja. Ndevu amezitia rangi, bega bado juu. Amekula, ameshiba, akatoa simu yake kunionyesha picha. "Ona, mpwa wangu. Siku hizi amplifaya moja ina sauti zote ndani, ya zamani, ya kulia, nzito. Mtu huchagui tena, unabonyeza tu." Miaka yote hiyo, mtoto wa watu bado yuko mbele ya kile kipande cha kioo cha Garsen. Halafu akautazama mtumbwi wangu pale mtoni. Huu ni wa pili, wa bibi ulioza kwa heshima yake; huu nimeuchongesha mimi. Akasema kuna mwenye hoteli pwani anatafuta mitumbwi ya gogo, anaweka udongo ndani anapanda maua. "Atatoa vizuri, mpwa wangu. Fikiria. Mimi nijinyooshe kidogo."

Amejinyoosha. Nimefikiria, kalamu mkononi, mjukuu anatafuna kona ya karatasi. Huyo amekohoa. Huyo anaamka, anafuta mate, anakaa kitako kwenye mkeka wangu.

"Haya, mpwa wangu," anasema. "Umefikiria?"

Mtumbwi wangu hauvuki mto kwenda kuwa kelele.